Niliitundika waranti ya tint ya duka la wife ukutani, masharti yakawa yanaangalia ukuta

Wakuu, heshima kwenu wote, wenye majina humu na wale mnaosoma kimyakimya bila kujiunga.

Ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe, hapahapa Kibaha, na kuna sehemu moja inaniaibisha. Nilifikiria kuiruka. Nikaona nikiiruka uzi mzima utakuwa uongo, kwa hiyo nitaifikia, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, somo la Jiografia. Nimefundisha habari za jua kwa miaka mingi, linachomoza wapi, linazama wapi. Halafu nikamsaidia mke wangu kuchagua chumba cha biashara kinachotazama magharibi.

Mama Kelvin ana duka la dawa. Upande wa mbele ni vioo vitupu, sita, vitatu juu na vitatu chini, katikati umepita mkanda wa alumini. Yeye ndiye aliyetaka vioo, eti mteja azione dawa kabla hajaingia.

Jua nalo likaziona.

Siku moja mkaguzi akaja saa kumi jioni. Miaka yote wakaguzi huja asubuhi, huyu alikuja saa kumi. Akakiangalia kipimajoto kilichotundikwa juu ya rafu ya dawa za kikohozi: nyuzi thelathini na nne. Dawa nyingi hazitakiwi kuzidi thelathini. Akaandika kwenye kitabu chake taratibu, akasema atarudi, na akikuta hali ni ileile atafunga duka mpaka turekebishe.

Mama Kelvin alisimama kaunta za watu miaka mingi kabla hajapata kibali chenye jina lake. Siku alipokipata alilala nacho chini ya mto. Kwa hiyo mkaguzi alipoondoka hakupiga kelele wala hakulia. Alipanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mimi nikaogopa kuliko kama angelia.

(Kabla hamjaniuliza kuhusu AC: tunayo. Umeme ukikatika na yenyewe inakata. Jua halikatiki.)

Tukaambiwa dawa ya vioo ni tint ya kuzuia joto. Sio ile ya kwenye magari ya vijana, hii ni maalumu kwa majengo. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja wa Kisarawe mjini, nitamwita Gaspari. Mtu mpole, shati limechomekewa, anapima kioo mara mbili na kuandika vipimo kwa penseli. Akabandika vioo vyote sita siku moja.

Alipomaliza akanipa maneno mawili na karatasi moja.

Maneno yalikuwa haya: "Mwalimu, mwezi mzima asiguse mtu. Utaona vitone vya maji na ukungu kwa ndani, sio uchafu, gundi inakauka. Itajisafisha yenyewe."

Nikatikisa kichwa, kama wanafunzi wangu wanavyotikisa.

Karatasi ilikuwa waranti. Wakuu, ilikuwa nzuri. Nzito, ina nakshi ya dhahabu pembeni, ina mhuri, na katikati kwa herufi kubwa imeandikwa MIAKA 10. Nikasaini papo hapo. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo mengi, nikayaona kwa mbali kama mtu anavyouona mlima.

Sasa nyie mnatujua Watanzania na karatasi yenye mhuri. Siku ya pili niliipeleka kwa fundi fremu. Akaiweka kioo mbele, nyuma akabandika ubao na karatasi ya kaki, akapigilia kwa vimisumari vidogo ili vumbi lisiingie. Nikaitundika dukani kati ya leseni ya biashara na picha ya siku tuliyofungua. Ilipendeza sana.

Tusonge.

Siku ya tano baada ya kubandika, akaja mama mkwe wangu kutoka Chole. Ni Chole ya Kisarawe, wale wa Mafia msisumbuke. Alikuwa na kliniki ya macho mjini, akapanga kukaa kwetu kwa wiki mbili. Alikuja na korosho, mihogo, na chupa ya mafuta ya taa aliyoifunga kwa mfuko wa nailoni, kwa sababu mafuta ya mjini hayaamini.

Huyu mama mnapaswa kumwelewa. Alikuwa mhudumu wa ofisi za serikali mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa usafi, na katika usafi fahari yake ni vioo. Mabosi walikuja wakahamishwa, wakaja wengine, lakini vioo vilikuwa vyake. Njia yake ni moja: mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, unazungusha, halafu unamalizia na gazeti la zamani. Kioo cha kawaida ukikifanyia hivyo kinang'aa mpaka ndege anajigonga.

Sasa mtu wa namna hiyo, amekuja kutibiwa macho, anafika dukani kwa mwanawe na kukuta vioo sita vipya vina ukungu na vitone.

Hapa ndipo penye aibu.

Nilitoka shuleni jioni ile nikapita dukani. Nikamkuta mama mkwe amejifunga khanga kiunoni, ameinama kwenye kioo cha pili cha chini, anazungusha kitambaa. Gazeti liko begani. Harufu ya mafuta ya taa ilinifikia nikiwa bado barabarani.

Nilikumbuka maneno ya fundi yote, neno kwa neno, mpaka sauti yake.

Nikasema, "Shikamoo mama. Pole na kazi."

Akasema, "Marahaba baba. Fundi wako kakuachia uchafu, lakini usijali, miye nipo."

Nikaenda kumnunulia soda.

Najua mtauliza kwa nini. Mimi nimezaliwa Gwata. Baba yangu alihamia huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini, na sheria zake alihama nazo. Moja ya sheria hizo ni kwamba mkwe hakosolewi. Alikuwa anasema mkwe akikalia kofia yako, unanunua kofia nyingine. Nimeoa miaka kumi na minne sasa, na sijawahi kumwambia yule mama neno lenye "usi" mbele.

Mama Kelvin naye alikuwa kaunta, alimwona tangu kioo cha kwanza. Yeye fundi hakumwambia kitu, aliniambia mimi, nami sikumfikishia. Tukakaa wote watatu, mmoja anasugua, mmoja anauza panadol, mmoja ameshika soda.

Akamaliza vitatu vya chini. Nikamwambia vimependeza. Vilikuwa vinang'aa kweli.

Mkaguzi aliporudi alikuta nyuzi ishirini na nane. Akaandika, akasema atapita tena wakati wa joto. Tukashukuru Mungu, nikaanza kujisifu kwa walimu wenzangu kwamba mambo ya kitaalamu ni kuwahi.

Miezi ikapita. Joto likaanza, na tint nayo ikaanza.

Kwanza ni kona moja kujikunja, kama ngozi ya ndizi. Halafu mapovu makubwa ya hewa. Kufikia wiki ya tatu vioo vyote sita vilikuwa vimeachia pembeni, jua linapita kwenye nafasi, na kipimajoto kinasoma thelathini na mbili. Wiki hiyohiyo Mama Kelvin akapata taarifa kwamba ukaguzi ni Ijumaa ya wiki inayofuata.

Wakuu, nilikasirika. Nilikasirika kwa haki kabisa, yaani kama mtu ambaye hajawahi kununua soda ile. Nikamwandikia fundi meseji kwa herufi kubwa: nina waranti ya miaka kumi, njoo urekebishe haraka, la sivyo tutakutana kunakohusika. Kunakohusika nilikuwa sikujui ni wapi.

Akajibu: "Pole mwalimu. Umesoma nyuma?"

Nikamuuliza nyuma ya nini.

"Ya waranti."

Nikaishusha fremu. Nikatoa vimisumari kwa kisu cha jikoni, nikachana karatasi ya kaki, nikang'oa ubao. Masharti yalikuwa yametazama ukuta tangu siku ya kwanza. Mama Kelvin akanishikia tochi ya simu, tukasoma.

Nawapa kwa kifupi, mwenye jengo achukue.

Ile miaka kumi ni ya nyumba za kuishi. Majengo ya biashara ni mitano, imeandikwa kwenye kijedwali kidogo pale chini. Wanachofidia ni kosa la kiwandani: gundi kuachia, mapovu, rangi kugeuka. Kazi mbaya ya fundi ni juu ya fundi mwenyewe, na ni mwaka mmoja tu. Kioo kikipasuka hiyo ni habari nyingine kabisa, inategemea ni kioo cha aina gani. Ukibandika stika juu ya tint, sehemu hiyo hawahusiki (Mama Kelvin alikuwa tayari ameangalia ile stika ya wakala wa pesa pale mlangoni). Duka likibadilisha mmiliki, waranti haihamii kwake.

Halafu mstari wa tisa. Waranti haifanyi kazi kwenye kioo kilichosafishwa ndani ya siku thelathini, au kilichosafishwa wakati wowote kwa petroli, tina ya rangi, mafuta ya taa, au kitu cha kukwaruza.

Mafuta ya taa yameandikwa kabisa, wakuu. Mtu wa kiwandani huko ughaibuni alikaa akamfikiria mama mkwe wangu.

Tukatazamana. Mama Kelvin akasema, "Baba Kelvin, mama asijue."

Hakusema neno kuhusu duka kwanza. Alisema mama.

Kesho yake nikapanda bodaboda, tukakatiza kwa njia ya Kiluvya mpaka Kisarawe, nikafika karakana ya Gaspari nikiwa na rangi ya barabara. Akanipa fomu ya madai. Maswali mengi yalikuwa ya kawaida, tarehe, idadi ya vioo, namba ya roli ya tint. Swali la sita: Je, kuna mtu yeyote aliyesafisha tint ndani ya siku thelathini, na kwa kutumia nini?

Kalamu ilikuwa yake, mwandiko ni wangu. Niliandika HAPANA.

Mimi ninayewaambia watoto wasiibie mtihani.

Gaspari akaisoma. Akasema atakuja Jumanne kukagua na kupiga picha, ndipo aitume kwa kampuni.

Sasa kumbukeni mama mkwe ana kliniki. Tarehe yake ya kurudi ilikuwa Jumanne hiyohiyo. Alipomaliza akaja dukani kupumzika, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, pembeni ya vioo vyake.

Gaspari akafika na begi lake. Mimi nikasimama kati ya vioo na benchi, nikijaribu kuwa mpana.

Alikigusa kioo cha chini, akakitazama kwa ubavu. Mikwaruzo ya mviringo ilikuwa inaonekana, hata mimi niliiona, duara ndani ya duara. Akafungua mdomo.

Mama mkwe akamwahi. "Wewe ndiye fundi? Mwanangu, kazi yako nzuri, lakini hujui kumalizia. Ulituachia vioo vina ukungu."

"Shikamoo mama," Gaspari akasema.

"Marahaba. Miye ndiye niliyevisafisha. Mafuta ya taa kidogo, halafu gazeti. Siku nyingine nifuate nikufundishe."

Gaspari akanitazama. Akaitazama fomu. Akanitazama tena. Nimesimama mbele ya madarasa yenye wanafunzi themanini, sijawahi kutazamwa vile.

Mama mkwe si mtoto. Alitutazama mmoja mmoja, akauona uso wa binti yake, akauona wangu. Mkono aliokuwa anaonyeshea vioo ukashuka taratibu mpaka mapajani.

"Kwani nimeharibu?"

Hakuna aliyejibu. Mteja mmoja alikuwa anasubiri dawa ya minyoo, naye akatazama chini.

Ni Gaspari aliyesogea. Akachuchumaa mbele ya benchi, akamuuliza kwa heshima, "Mama, ulisafisha vioo vyote?"

"Vya chini tu. Huko juu sikufika. Nilimwambia huyu mkwe anipe stuli, akaniletea soda."

Kumbe aliniambia. Hilo nilikuwa nimelisahau kwa kutaka kusahau.

Gaspari akapanda stuli. Akakagua vioo vitatu vya juu, akavipiga picha, akapitisha kidole kwenye kingo. Akashuka na kutueleza hivi: huku juu hakuna mkwaruzo wala mafuta, hajafika mtu, na bado tint imeachia. Maana yake gundi ya roli ile ni mbovu tangu kiwandani. Hivyo vitatu waranti inavibeba. Vya chini haivibebi.

Nikamwambia, lakini fundi, kama roli ni moja na gundi ni mbovu, basi hata vya chini vingeachia bila mafuta ya taa.

Akasema, "Najua mwalimu. Karatasi haijui."

Halafu akanipeleka pembeni, akanionyesha mstari wa mwisho kabisa wa masharti, ambao hata kwa tochi tulikuwa hatujafika. Maelezo ya uongo kwenye fomu yanafuta waranti ya jengo zima. Kama angeituma ile fomu yenye HAPANA pamoja na picha zenye miduara, tungekosa vyote sita. Kilichotuokolea vitatu ni mama kusema alichofanya na mahali alipoishia.

Akatoa fomu mpya begini. Ile ya zamani hakuichana, alinipa nichane mwenyewe.

Jioni ile mama mkwe hakula vizuri. Alfajiri akaaga, eti kuku wake wako peke yao. Kuku wale wana jirani anayewalisha siku zote. Mama Kelvin alimsindikiza mpaka stendi, akarudi macho mekundu, akafungua duka. Mimi niliingia darasani nikafundisha upepo. Sikumbuki nilisema nini.

Niliumia, wakuu, acha niseme wazi. Niliogopa tungepoteza kibali na mama kwa wiki moja.

Kampuni ilijibu haraka kwa sababu picha zilijieleza. Alhamisi Gaspari alikuja na roli nyingine, akabadilisha vitatu vya juu. Vya chini akavibandua vikabaki vitupu, na tint ya kuvitosha hakuwa nayo. Ukaguzi ni kesho yake. Saa kumi kipimajoto kilisoma thelathini na moja.

Nyuzi moja tu.

Tulikuwa tunafikiria kuziba kwa maboksi ya dawa, akashuka mtu kwenye bajaji. Mama mkwe, ana furushi refu kichwani. Akaliweka chini, akalifungua: mikeka mitatu ya ukindu. Alikuwa amechukua wa kwake wa kulalia na miwili ya majirani, akakesha anaikata na kuishona upya kingo.

Tukaisimamisha kwenye vioo vya chini. Iliingia sawasawa, haikuzidi wala kupungua kidole. Mama Kelvin akamuuliza alipima lini.

"Nipime nini? Nilivisugua kwa mikono yangu. Navijua."

Ijumaa mkaguzi akaja saa kumi, kama kawaida yake. Akakuta ishirini na tisa. Akaitazama mikeka kwa muda, akauliza kama ni ya kudumu. Nikamwambia ukweli, wote, mpaka mafuta ya taa. Nilikuwa nimechoka kuandika HAPANA. Akaandika kwenye kitabu, akatupa muda wa kumalizia vya chini, akapiga mhuri. Kibali kiko salama ukutani hadi ninapoandika hapa.

Alipoondoka, mama mkwe akaomba nimsomee ile karatasi ya nyuma. Nikamsomea yote, na mstari wa tisa nikausoma polepole. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

Akasema, "Sasa siku ile uliponikuta, haya ulikuwa unayajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua, mama."

"Mbona hukunambia acha?"

Nikamweleza habari za baba yangu na kofia. Akacheka mpaka akajifuta macho yale ya kliniki. Halafu akaacha kucheka.

"Baba, miye nimefanya kazi kwa mabosi tisa. Nimeambiwa acha hapo, toka hapo, usiguse hapo. Sijafa hata siku moja. Ila juzi mliponinyamazia, hapo ndipo nilikufa kidogo."



Nilichojifunza ni hiki. Waranti isome nyuma kabla hujasaini mbele. Uliza ni ya nyumba au ya biashara, nani anabeba gundi, nani anabeba kazi ya fundi, nani anabeba kioo. Masharti ya usafi usikae nayo kichwani, mwambie kila anayeshika kitambaa, awe msaidizi, awe mke, awe mkwe. Na fomu ya madai ijaze kwa ukweli, hata kama ukweli una mafuta ya taa.

Fremu nimeirudisha ukutani, safari hii nyuma ndiyo mbele. Wateja wanadhani ni masharti ya kutumia dawa. Juzi bibi mmoja aliniuliza panadol na mafuta ya taa vimekosana nini.

Vioo vya chini vilipata tint mpya wiki iliyopita. Jana mama mkwe amekuja kliniki, akapita dukani, akaviona vina ukungu na vitone. Akasimama. Akaitazama ndoo iliyokuwa pale mlangoni. Akainama, akashika kitambaa.

 Nikasema, "Mama, acha hapo."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa kidato cha kwanza. Mama Kelvin akainua kichwa kaunta.

Mama mkwe akakiacha kitambaa ndooni. Akaenda kukaa kwenye benchi, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, sasa kaniletee soda."

Nimemaliza. Wenye vioo, wenye wakwe, na mliojaliwa vyote viwili, nawasikiliza.